Mwaka mpya wa Kanisa: Neno la Jumapili litufikie sisi kwanza

KASONGO – Jumapili hii, tarehe 30 Novemba 2025, Wakatoliki wa Kasongo, wa Kabambare na wa dunia nzima wanaingia mwaka mpya. Sio ule wa serikali, wa Januari, wenye kuku na mchele na nguo mpya za watoto. Ni mwaka wa Kanisa, unaoanza na Majilio, Jumapili nne kabla ya Noeli. Wengi wataingia kanisani bila kujua kama mwaka umegeuka, na watatoka hivyohivyo. Ndiyo sababu nimeona niandike maneno haya kabla ya kengele kulia.

Kwanza tuelewane namna jambo hili linavyotembea. Masomo ya Jumapili yamepangwa kwa miaka mitatu: A, B na C. Mwaka A tunasoma hasa Injili ya Matayo, mwaka B Marko, mwaka C Luka. Yoane anaingia zaidi wakati wa Kwaresima na Pasaka. Tumemaliza mwaka wa Luka, sasa tunafungua Matayo. Kila Jumapili kuna somo la kwanza, zaburi, somo la pili, kisha Injili. Mpango huu ulitolewa mwaka 1969, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Wazee wetu waliobatizwa kabla ya hapo wanakumbuka mambo mengine: masomo yaleyale yakirudi kila mwaka, na Kilatini kule mazabahuni. Leo tunasikia Neno kwa Kiswahili chetu, na Injili inayosomwa Kasongo ndiyo inayosomwa siku hiyohiyo Wamaza, Kindu, Kinshasa na Roma.

Katika mpango huu kuna jambo moja ninalolipenda kuliko yote: hakuna mtu wa hapa aliyechagua somo. Padri hakuchagua, katekista hakuchagua, mwenye feza anayeketi kiti cha mbele hakuchagua. Katika makanisa mengine mchungaji anafungua Biblia pale anapoona panafaa, na kuna wanaofanya kazi hiyo vizuri sana. Lakini sisi tumepewa kalenda. Somo linakuja na siku yake kama vile mvua inavyokuja na mwezi wake, uwe umetengeneza paa au hujatengeneza. Hatuwezi kulikwepa.

Hatuwezi kulikwepa, lakini tumepata namna mbili za kulikimbia tukiwa tumeketi palepale. Ya kwanza ni kusikia somo kwa ajili ya jirani. Injili ikikemea, kila mtu anageuza shingo kidogo kutafuta nani anasemwa. Namna ya pili ni kulifunika Neno kwa matangazo. Mahubiri dakika nane, matangazo na michango dakika arobaini. Mtu anarudi nyumbani anakumbuka bei ya bati la kanisa, hakumbuki Yezu amesema nini.

Maoni yangu ni haya: mwaka huu wa Matayo tukubali masomo yatuguse sisi wa hapa, na yaanze na yule anayesikiliza. Nitapita katika kalenda kwa mifano michache, ili mtu asiseme ninaongea hewani.

Tuanze na Jumapili hii yenyewe. Somo la kwanza ni la nabii Isaya. Anaona siku ambayo mataifa yatafua panga zao yazifanye kuwa majembe, na mikuki iwe vyombo vya shamba, na hakuna tena atakayejifunza vita. Nani katika Kabambare hatasema amina? Na wote tutasema amina tukiwafikiria wale walioko porini na bunduki. Ni kweli, somo linawahusu. Lakini nabii anataja panga, na panga iko katika kila nyumba yetu. Panga moja ndiyo inayofyeka shamba la mpunga, na ndiyo hiyo inayomkata mtu mpaka wa shamba ukigombaniwa. Silaha haiingii kijijini kwa miguu yake. Kuna anayeificha, kuna anayeinunulia risasi, kuna anayewatumia vijana kumalizia ugomvi wake wa udongo au wa uchifu, na kuna sisi wengine tunaopiga makofi wakati waliopigwa ni wa upande wa pili. Somo la Isaya likisomwa, haitoshi kuuliza nani ana bunduki. Mtu aulize pia panga yake mwenyewe inamngoja nani.

Na tukumbuke karibu yetu, upande wa Fizi, ambako barabara ya Kabambare inaelekea. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, waliuawa watumishi wanne wa Mungu huko Baraka na Fizi: Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè, Bruda Vittorio Faccin na Abbé Albert Joubert. Siku hiyo ilikuwa siku ya posho. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Tarehe 18 Agosti 2024 Kanisa limewatangaza wenye heri kule Uvira. Tukianza Majilio, tuanze tukiwakumbuka. Watu hao wanne hawakufika kwenye Jumapili ambayo sisi tumefika.

Tarehe 21 Desemba, Jumapili ya nne ya Majilio, Matayo anatuletea malaika anayemtokea Yosefu katika ndoto. Hapa kuna neno linalohitaji uangalifu kwetu. Mtoto wa Salamabila akisikia "malaika", picha gani inamjia? Tunajua kwamba kwa miaka mingi jina hilo limebebwa na kundi la Mai-Mai katika teritware ya Kabambare. Mtoto huyo amesikia jina la Malaika pamoja na mlio wa bunduki, pamoja na kukimbia usiku. Katekista asipite juu ya neno hilo kana kwamba tuko nchi nyingine. Aeleze. Malaika wa Injili anaanza kazi yake kwa kumwondolea Yosefu woga: asiogope kumchukua Maria kuwa mke wake. Hicho ndicho kipimo. Anayekuja kwa jina la Mungu, au la nchi, au la sheria, woga unapungua au unaongezeka pale anapofika? Kipimo hicho kiwapime wenye silaha wa kila upande, na askari wa kizuizi pia. Kimpime baba ambaye watoto wananyamaza akifungua mlango, na kitupime hata sisi wenye mikro, kwa maana sauti ya redio nayo inaweza kutia watu woga.

Wiki moja baadaye, tarehe 28 Desemba, ni sikukuu ya Familia Takatifu. Yosefu anaamshwa usiku, anamchukua mtoto na mama yake, anakimbilia Misri kwa sababu mkubwa mmoja anataka kuua. Sidhani kuna mahali duniani ambapo somo hili linahitaji maelezo machache kuliko kwetu. Watu wa Kabambare wamelitembea kwa miguu: godoro kichwani, sufuria mkononi, mtoto mgongoni, bibi mzee nyuma anasema muniache. Lakini tuliobaki mahali pa usalama, somo hili linatuuliza kitu kingine. Matayo hasemi nani aliyewapokea Misri. Kuna nyumba fulani iliyowafungulia, ya watu wa dini nyingine na lugha nyingine, na jina lao hatulijui. Sisi ndio Wamisri wa somo hili. Kuna jamaa nyingi zilizopokea waliokimbia na kugawana nao bugali na sombe mpaka ghala likaisha. Hao Mungu anawajua. Na kuna wengine wanaomlimisha mkimbizi shamba siku nzima kwa bakuli moja la mihogo, kwa sababu wanajua hana pa kwenda. Jumapili hiyo wote tutaketi kanisa moja. Somo litakuwa moja, lakini halitatugusa mahali pamoja.

Tarehe 4 Januari 2026 ni sikukuu ya Epifania, na kwa nchi yetu ni siku ya Mashujaa wa Uhuru, ukumbusho wa ghasia za Leopoldville za mwaka 1959. Siku hiyo wataalamu wa nyota wanafungua masanduku yao wanatoa zahabu. Tuongee basi zahabu. Katika Maniema ya kusini neno hili lina anwani: Namoya, Salamabila. Kampuni ya Banro ya Kanada ilianza kuzalisha kibiashara Namoya mwaka 2016, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi katikati ya mashambulizi. Kabla yake watu walichimba, baada yake wanachimba. Katika Injili zahabu inasafiri kutoka mbali ili imfikie mtoto maskini. Kwetu zahabu inatoka kwa mtoto maskini inasafiri mbali. Hiyo peke yake ni mahubiri, na padri akisema hivyo hajaongeza siasa yoyote juu ya somo.

Lakini tusiishie kwa wakubwa na makampuni, maana hapo tutakuwa tumerudi kumsikilizia jirani. Tarehe 26 Julai tutasoma mfano wa hazina iliyofichwa shambani: mtu anaipata, kwa furaha anaenda kuuza vyote alivyo navyo anunue shamba lile. Vijana wetu wanaujua mfano huu kwa mwili. Mmoja ameuza kinga yake, ameuza mbuzi wa mama, ameacha shule akiwa amebakiza miaka miwili, ameshuka shimoni. Simhukumu; anatafuta chakula, na mpunga wake kwa barabara hizi haufiki sokoni. Ila mfano unamwuliza yeye na wazazi wake na walimu wake: umeuza nini, na umenunua nini? Kuna vitu ukiviuza hazina yoyote haivirudishi. Afya ya kifua ni kimoja. Miaka ya shule ni kingine.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mwaka huu limetuangukia kama zawadi. Jumatano ya Majivu itakuwa tarehe 18 Februari 2026. Mfungo wa Ramazani nao unatazamiwa kuanza siku hiyohiyo au kesho yake, mwezi utakavyoonekana. Katika mji kama Kasongo hilo si jambo dogo. Huu ndio mji wa Tippu Tip, mji uliotekwa na majeshi ya Dhanis mwaka 1893, na mapadri Weupe wakafungua misioni yao miaka kumi baadaye. Waislamu ni wengi hapa, na Wakristu ni wengi hapa. Kuna ukoo mmoja wenye Ramazani na Yoane ndani yake, na wote wanazikwa na machozi yaleyale. Lakini kuna pia maneno ya zamani yanayorudi kila wakati wa uchaguzi, kila wakati wa kugawa kazi: hao ni wa watumwa, hao ni wa Wazungu, hao hawakusoma.

Basi katikati ya mifungo hiyo miwili, tarehe 8 Machi, Jumapili ya tatu ya Kwaresima, tutasoma habari ya Yezu na mwanamke Msamaria kisimani. Yezu amechoka, ni saa sita ya mchana, anamwomba maji mtu wa dini ambayo watu wake wanaiepuka. Tuangalie anavyoanza: anaanza kwa kusema ana kiu, anahitaji kitu mikononi mwa mwenzake. Mahubiri yanafuata nyuma. Mkristu anayefunga na Mwislamu anayefunga watakuwa na kiu mji mmoja, mchana mmoja. Tukikosa kuongea mwaka huu, tutaongea mwaka gani? Sisemi tuchanganye dini. Yezu na yule mama nao walibishana wazi juu ya mahali pa kusali. Nasema tuombane maji. Shirika moja litembelee jirani Mwislamu saa ya kufuturu na kilo ya mchele. Na jirani akija Pasaka, tarehe 5 Aprili, asikute mlango umefungwa.

Tarehe hiyo ya 8 Machi ni pia siku ya wanawake. Mama zetu watavaa vitenge vya siku yao, na wengine watapita mbele ya wakubwa kwa maandamano. Kabla ya hapo watakuwa wameamka saa kumi na moja kuchota maji. Mwanamke wa Injili ile aliacha mtungi wake kisimani akakimbia kijijini kutangaza alichoona. Kwa macho yangu ya kazi, yule ndiye korespondenti wa kwanza wa Samaria, na watu walimwamini wakatoka. Kwetu wanawake ndio wanaojaza kanisa, ndio wanaofagia, ndio wanaoimba korali. Lakini katika shirika, saa ya kusema ulichosikia katika somo, wanaume watatu wanaongea mpaka taa inaisha mafuta. Jumapili hiyo tunyamaze, tuwasikilize. Wanajua kisima kuliko sisi.

Na kuna mfano wa magugu, tarehe 19 Julai. Mkulima wa mpunga wa Maniema hahitaji kuelezwa: kuna majani yanayofanana na mpunga mpaka yatoe suke. Watumishi wanataka kuyang'oa mara moja, bwana anakataa, wasije wakang'oa na mbegu nzuri. Katika vijiji vya Kabambare kijana anaweza kuitwa Mai-Mai kwa sababu tu ametoka kijiji fulani, au mwingine akaitwa mpelelezi wa serikali kwa sababu alionekana akisalimiana na askari. Watu wameng'olewa hivyo, na suke lilipotoka ikaonekana walikuwa mpunga. Mfano huu hausemi magugu hayapo. Unasema mikono yetu haioni vizuri. Hukumu iende kwa waliowekwa kuhukumu, na hao nao wajue kuna mavuno.

Najua kuna wasomaji watakaonijibu. Wa kwanza watasema: padri asilete siasa kanisani. Nawaunga mkono kwa nusu. Mazabahu si mahali pa kampeni, na mwanasiasa anayefika na bahasha asipewe neno kuliko Matayo. Lakini zahabu, panga, mfalme anayeua watoto, familia inayokimbia, hayo hayakuletwa na padri. Yamo ndani ya somo. Anayeyaruka ndiye anayepunguza kitu.

Wa pili watasema: bila michango kanisa litajengwa na nini? Ni kweli, bati halishuki kutoka mbinguni, na mtu anayelima kwa mkono na bado anatoa franka zake anastahili heshima. Hoja yangu ni juu ya mpangilio. Na hapa tunayo ibada ambayo Roma ilitukubalia mwaka 1988, ile misale ya majimbo ya Zaire. Katika ibada hiyo toba haiko mwanzoni kama mahali pengine. Inakuja baada ya masomo na mahubiri. Kwanza unasikia Neno. Neno likikugusa, unaomba toba. Kisha unampa mwenzako amani. Baadaye ndipo unapeleka matoleo. Wazee wetu walioitengeneza walijua wanachofanya: huwezi kukubali kosa ambalo bado hujaonyeshwa, wala huwezi kupeana mkono wa amani huku kesi iko tumboni. Sasa Neno likifupishwa ili matangazo yarefuke, mnyororo wote unakatika. Tunapeleka matoleo bila kupatana. Na Injili ya tarehe 15 Februari, siku tatu kabla ya Majivu, itatukuta palepale: ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno nawe, acha toleo lako mbele ya mazabahu, nenda upatane kwanza. Ningependa kuona Jumapili hiyo mtu mmoja akitoka mstari wa matoleo, akaenda nje kumtafuta ndugu yake. Foleni ingesimama kidogo, na hakuna kitu kingeharibika.

Tusiwasahau wale ambao hawana hata foleni hiyo. Parokia zetu ni pana, barabara tunazijua. Mvua ikishika, padri anasukuma pikipiki kuliko inavyomsukuma yeye, na kuna vijiji vinavyoona Misa mara chache kwa mwaka. Jumapili nyingine zote ni katekista anayeongoza ibada. Hapo hakuna Ekaristi, hakuna mavazi ya rangi. Kuna Neno peke yake. Katekista yule akisoma kwa kugugumia kwa sababu kitabu kimeliwa na mchwa, au kwa sababu macho yamechoka na miwani hana, kijiji kizima kimekosa Jumapili. Kabla ya kununua kinanda kingine cha korali ya mjini, parokia ijiulize makatekista wake wana vitabu vya masomo vya mwaka A au hawana.

Nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili. La kwanza: shirika lisome masomo ya Jumapili inayokuja wakati wa mkutano wake wa katikati ya juma, kwa Kiswahili, polepole, mara mbili. Maaskofu wa Kongo walichagua njia ya jumuiya ndogo tangu mwaka 1961. Njia iko tayari, tuitembee. Swali liwe moja tu: somo hili linanisema mimi wapi? Anayeanza kusema jirani asimamishwe kwa upole. La pili: redio zetu za hapa zisome masomo hayo jioni ya siku ya posho, dakika kumi, bila jina la mtu anayelipia. Katekista wa kijiji cha mbali atasikia namna ya kutamka, na mgonjwa aliye kitandani atakuwa na Jumapili yake. Ndugu zetu Waislamu wapewe nafasi sawa kwa ajili ya Ijumaa. La tatu: baada ya mahubiri, kila shirika lichague tendo moja la juma hilo. Moja tu. Kumi yanasahaulika kabla ya kufika nyumbani.

Mwaka huu wa Matayo utaisha tarehe 22 Novemba 2026, sikukuu ya Kristu Mfalme, kwa somo la hukumu ya mwisho. Kila mzazi wa hapa anajua woga wa Exetat: mtoto anasoma usiku kucha kwa sababu hajui swali gani litatoka. Katika mtihani huu wa Matayo maswali yote yametolewa mapema. Nilikuwa na njaa, ulinipa chakula? Nilikuwa na kiu? Nilikuwa mgeni, nilikuwa uchi, mgonjwa, mfungwa? Njaa tunaijua, wageni wako kwetu, gereza liko hapahapa Kasongo. Tuna Jumapili hamsini na moja za kujitayarisha kabla ya siku hiyo. Atakayeshindwa hatasema swali lilikuwa geni.

Masomo ya Jumapili hii ni haya: Isaya sura ya 2, mistari 1 hadi 5, barua kwa Waroma sura ya 13, mistari 11 hadi 14, na Injili ya Matayo sura ya 24, mistari 37 hadi 44. Yasomeni nyumbani kabla ya kengele, baba, mama na watoto. Na ikiwa kuna mtu mnayegombana naye juu ya mpaka wa shamba, someni ile ya Isaya mara mbili.